Madini Yanayoogopa Wanawake

Mwaka 2014, nikiwa na miaka arobaini na tisa, mume wangu alivunja sakafu ya sebule yetu pale Kasulo akaanza kuchimba kobalti. Shida zangu zilianzia hapo.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini sheria ya wachimbaji wa huku hata mimi niliijua: mwanamke asikaribie shimo, madini yatakimbia. Kule Mutoshi, mume wangu alikochimba kwanza, mashimo yalipokuwa porini, sheria hiyo haikunisumbua. Sasa shimo lilikuwa hatua nne kutoka kitandani kwangu. Wanaume wakakaa, wakafikiri sana, wakaona wa kuhama ni mke. Nililala jikoni, kibanda cha mabati uani, pamoja na kuku, miaka miwili. Chakula nilipitisha dirishani, na bukari wangu, ugali wa huku, madini hayakuuogopa. Wala hayakuniogopa nilipoyaosha mtoni mgongo ukinipasuka. Yakiwa machafu yanakuwa jasiri.

Mume wangu akafa kwa homa. Matanga hayajaisha, kaka zake wawili wakafika kutoka Fungurume. Mkubwa akasema: «Mama, hii haiko nyumba tena. Iko mugodi. Na mugodi haiko kazi ya banamuke. Utarudia kwenu.»

Mtaani kwetu palikuwa na mjane muuza makaa ambaye wanaume hawakumpenda hata kidogo. Kabla yake, kwenye mikutano ya mtaa, viti vilikuwa vya wanaume na mkeka wa wanawake. Siku moja akaja na kiti chake cha plastiki kichwani, akakiweka mstari wa mbele, akaketi kimya. Wanaume wakajadili kile kiti mkutano mzima. Habari ya maji ya bomba ikasubiri. Tangu siku hiyo hakunyamaza: wanaoosha madini wauze wenyewe, mjane abaki kwake. Mi pia nilimcheka, nakiri. Nilimcheka mpaka siku nilipomhitaji.

Alinisikiliza, akauliza swali moja tu: «Unalalaka wapi?»

«Jikoni.»

Kesho yake asubuhi alikuja na wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na kigoda chake na fungu la sombe, majani ya muhogo. Tukaingia sebuleni, tukalizunguka shimo, tukaanza kuchambua majani. Shemeji mkubwa alipofika na wachimbaji wake, alisimama mlangoni kama mtu aliyeona nyoka.

«Bamama, mutafukuza madini.»

«Tata, kama inakimbia itapita ku mulango,» yule mjane akamjibu. «Shiye tuko hapa. Tutaisalimia.»

Wanawake wakacheka. Yule mjane hakucheka.

«Sikia, tata. Kama madini inakimbia, hapa haiko mugodi tena, iko nyumba, na nyumba iko ya huyu mama. Kama haikimbie, mulimulalisha na kuku miaka mbili bure. Chagua.»

Aligeuka akaondoka na wachimbaji wake. Tulikaa siku nne. Siku ya tano wachimbaji wakamwambia hawashuki tena, shimo limeharibika. Mmoja mwenye moyo akashuka, akapanda na udongo mwekundu mtupu.

Udongo ule mume wangu alikuwa ameniambia habari zake dirishani, mwezi mzima kabla hajafa: madini yanakwisha. Lakini mashemeji walishika vichwa, wakasema si tulisema, wakakusanya kamba na makoleo, wakarudi Fungurume. Nyumba isiyo na madini hawakuitaka.

Mi nilifurahi. Yule mjane alikasirika. «Nimepigana miaka yote kusema hatufukuze kitu,» akasema, «na leo nashinda sababu banaamini tunafukuza.» Hakutaka nyumba yangu isimame juu ya woga wa shemeji. Kesho yake akanivuta mkono mpaka ofisi ya viwanja, na akanivuta tena kila wiki, kiti chake kichwani, kwa sababu mle pia hawakutupa pa kukaa. Karatasi ilitoka baada ya miezi saba.

Mpaka leo Kasulo wanasema sisi ndio tuliofukuza yale madini. Wanaume wakinisalimia wanasimama mbali kidogo na mashimo yao. Nawaacha.

Nilicho nacho leo: nyumba ya tofali, vyumba vinne. Shimo moja, limejazwa kifusi, juu yake meza. Mashine ya kusaga mahindi. Kuku kumi na tatu, wanalala jikoni peke yao. Karatasi ya kiwanja, jina langu.