Salaam ya Maiti

Kama kuna kitu kilichowahi kunichosha kuliko jua la Isiolo, ni filamu za kutisha za ndugu yangu mdogo. Anazitengeneza kwa simu. Hana taa, hana waigizaji, hana hata chai ya kuwapa waigizaji, na bado ana mdomo wa kuniambia, "Dada, niazime nyumba yako kidogo tu." Kidogo tu! Safari moja alimwaga damu kwenye vitambaa vyangu vya viti, damu ya sosi ya nyanya na rangi ya keki, sisimizi wa mtaa wetu mzima wa Wabera wakaja kuhudhuria. Nilifua mpaka vidole vikauma.

Tangu mama atutoke mimi ndiye niliyemlea, kwa hivyo namjua. Ukimwambia kuna moto, atakuuliza kama mwanga wake ni mzuri. Baba, ambaye kazi yake ni biashara ya mifugo, aliwahi kumtuma apeleke mbuzi Gotu. Akarudi na video nzuri sana ya mbuzi, lakini bila mbuzi. Hapo ndipo baba alipochoka. Akamwambia mbele yangu, "Hiyo filamu yako mpya waonyeshe watu, na mimi nitakuwa hapo. Wakiogopa, endelea na wazimu wako. Wakicheka, Jumatatu unapanda lori, unaenda Korbesa kukaa na ng'ombe wa ami yako, na hiyo simu unaniachia mimi."

"Sawa, baba," akasema yule mjinga, tena anatabasamu.

Nilitaka kumzaba kofi. Korbesa si mahali pabaya, watu wetu wako huko, lakini yeye angenyauka huko. Na mimi ningebaki na nani wa kugombana naye? Nampenda huyo mtoto, na ananitia hasira kila siku ya Mungu. Nikampa nyumba tena.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mama mkwe amekufa kwa ajali, damu ile ile ya sosi, amezikwa, na jioni moja anarudi kwa mke wa mwanawe. Anaingia bila neno, anasimama nyuma yake jikoni, basi. Mke wa mwana nilikuwa mimi, kwa kulazimishwa. Maiti angekuwa jirani mmoja mwenye macho makubwa, lakini mumewe aliposikia neno maiti akasema mke wake hafi bure. Akabaki shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, ambaye hupenda kubembelezwa. Akabembelezwa, akakubali. Sanda aliikataa katakata. "Hiyo nitavaa mara moja tu, na si leo," akasema. Akaja na dera lake la kila siku na patipati zake za kijani.

Tukaanza. Ndugu yangu ameshika simu, amezuia pumzi. Mimi niko jikoni, nakoroga sufuria tupu. Shangazi akaja mpaka kizingitini, akasimama, akatamka kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini, "Salaam aleikum!"

"Aleikum salaam, shangazi, karibu," nikasema.

"Jamani!" ndugu yangu akalia. "Shangazi, wewe ni maiti. Maiti haongei. Na wewe, dada, unamkaribisha nani?"

"Naelewa, mwanangu," shangazi akasema, akatoka nje. Akaja tena. Salaam aleikum! Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia tena. Mdomo ulikuwa umeshajibu kabla akili haijafika.

"Shangazi, wewe umekufa!"

"Nimekufa, sawa. Na adabu pia imekufa? Mimi siingii nyumba ya mtu kama mbuzi."

Tulirudia mpaka nikasahau jina langu. Akijikaza asiseme, bodaboda inapita na muziki wake. Bodaboda ikienda zake, punda analia. Punda akinyamaza, shangazi anasahau kujikaza. Wenye pesa zao wangemshukuru, wangemrudisha kwake na kuleta mwigizaji mwingine. Sisi tulikuwa na huyo huyo, na mwanga ulikuwa unaisha, na betri ya simu pia. Mara ya mwisho nilikuwa nimechoka hata sikugeuza kichwa. Nikaitikia huku nakoroga, kwa ile sauti ya mwanamke aliyepokea wageni tangu asubuhi: "Aleikum salaam. Pita." Shangazi akapita, akasimama nyuma yangu, simu ikazima.

Ndugu yangu alijaribu kuiondoa sauti ya shangazi kwenye kompyuta ya rafiki. Ikawa shangazi anapanua mdomo kama samaki. Akairudisha. Nikamwambia wazi, "Fungasha nguo. Utachekwa mpaka Marsabit wasikie."

Filamu ilionyeshwa baada ya alasiri, kwenye ule ukumbi wanamoonyesha mpira, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Baba alikaa mbele na fimbo yake. Kando yangu alikaa jirani yangu Mmeru anayeuza miraa, mama wa kanisa kabisa, ambaye hazikosi filamu za aina hii, hata zile mbovu kuliko zote. Nilimuuliza anapata raha gani kuangalia vitu ambavyo hata taa havina.

"Zile za pesa nyingi, shetani wake anakaa ng'ambo," akasema. "Mpaka apate viza nitakuwa nimelala. Huyu wa bei rahisi anakaa wapi? Hapa hapa."

"Hapa kwangu," nikasema. "Na anaharibu vitambaa."

Ikaanza, na watu wakaanza kucheka. Walicheka pazia langu. Walimcheka punda. Damu ilipotokea, mtu akapiga kelele, "Hiyo ni nyanya, leteni chapati!" Mgongo wa baba haukusogea. Ndugu yangu alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimwonea huruma. Nikaona lori. Nikamwona juu yake na begi lake.

Kisha zikaonekana zile patipati za kijani mlangoni. Shangazi akasimama kwenye kizingiti.

"Salaam aleikum."

Na ukumbi ukaitikia, "Aleikum salaam." Haukuwa mzaha. Ilikuwa ile ya mazoea, inayotoka yenyewe, ya watu walioitikia tangu wajifunze kuongea. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba.

Kila mtu alikuwa amesikia alichokisema, na alimwambia nani. Kwenye filamu pale ukutani, bila kugeuka, mimi nikasema, "Pita." Patipati zikavuka kizingiti.

"Tumemkaribisha," mwanamke mmoja akasema polepole huko nyuma.

"Ngai!" jirani yangu akamwita Mungu kwa yowe, kucha zake zote kwenye mkono wangu. Benchi likaanguka. Watoto wakapanda juu ya mama zao. Shangazi mwenyewe, aliyekuwa amekaa pale pale na dera lile lile, alijifunika uso na mtandio asijione. Na mimi niliyekuwa najua kabisa kwamba sufuria ni tupu na shangazi yu hai, wallahi nilisisimka mpaka miguuni. Niliogopa jikoni kwangu mwenyewe! Sasa nani angeingia kupika? Hakuna aliyecheka tena mpaka mwisho.

Tulimsindikiza baba hadi kwake, anakoishi na ndugu yangu, jua likiwa linazama. Baba akifika mlangoni hutoa salaam, hata kama nyumba haina mtu, ndivyo alivyotufundisha. Tangu mama afariki huitoa akijua hakuna wa kumjibu, kisha anaingia. Siku hiyo alisimama. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Ingia wewe kwanza," akamwambia ndugu yangu.

Ndugu yangu akaingia, akawasha taa, akarudi. "Hakuna mtu, baba."

"Jikoni umeangalia?"

"Nimeangalia. Baba, najua mwanzo walicheka. Sasa lile lori la Jumatatu..."

"Lori gani?" Baba alikuwa ameshamshika mkono. "Wewe uende Korbesa, mimi nilale hapa na nani?"