Kitanda Kisicho na Jina

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu Zuhura, na wala si siku ya kujivunia. Nilikuwa msichana, napika kwa Mzee Daudi, Myahudi mwenye kiwanda cha mbao kule Nakuru. Alikuwa akichangisha ijengwe wodi ya watoto. Tajiri mzima akibisha milango ya watu, kofia mkononi, haoni haya.

Alasiri hiyo wakubwa wa mji walikuja kwake kunywa chai na kutoa ahadi. Mlango wa jikoni akaja mama mmoja, mchuuzi wa makaa, sarafu kazifunga kwenye pindo la leso.

"Nimeleta ya wodi," akasema.

Nikamtazama miguu. "Leo ni ya wakubwa, mama. Na usinichafulie ngazi."

Akageuka, akaondoka na sarafu zake.

Mzee Daudi aliposikia, aliwaacha wageni na chai yao akaenda kumtafuta. Akaambiwa sokoni kuwa kahama alasiri ileile, wala hakuna aliyejua jina lake. Mwanawe alikuwa amefia sakafuni hospitalini, kwa kukosa kitanda.

"Umemfukuza mwenye wodi," akaniambia. Basi. Afadhali angenifokea.

Mzee huyo alishakufa. Wodi ipo. Kila kitanda kiliwekwa kibao cha jina la aliyetoa, ila kimoja karibu na mlango. Hicho alikiacha hivyo, maana jina la yule mama hatukulijua.

Sasa wewe hapa Doha unachangisha ili marehemu Barasa, yule mlinzi, akazikwe kwao. Kazi njema. Lakini jana ukaandika kwenye grupu majina ya wasiotoa, na Nekesa, ambaye tajiri wake hajamlipa, akatoka. Simu hashiki. Na hapa ni yeye peke yake anayemjua mama yake Barasa. Maiti iko mochari, mama wa watu hajaambiwa.

Nikikusema unanijibu, "Bibi, bila kuwaaibisha hawatoi." Na mimi nilikuwa na majibu kama hayo.

Futa orodha hiyo. Panda basi leo uende Umm Salal anakokaa Nekesa, upige hodi, uombe radhi. Akikupa riyali moja, ipokee kwa mikono miwili. Asipokuwa nayo, usimuulize. Ukichangisha, usimpime mtu kwa alichobeba.

Mungu akutangulie, mwanangu, umkute. Mimi wangu sikumkuta.