Mchana Waliposaini

Asubuhi hiyo mashuka ya ghorofa ya nne yalichelewa kushuka, na Achieng alikuwa akilalamika. Tulifanya kazi pamoja katika chumba cha kufulia cha hoteli moja Al Garhoud, Uarabuni, karibu na uwanja wa ndege, yeye Mkenya wa Kisumu, mimi niliyekimbia vita nikabahatika kupata viza ya kazi.

"Hawa wa juu wamelalia mashuka yetu hadi sasa," alisema. "Yalla, dada, tukunje taulo basi."

Tulikunja taulo. Ndege zilipita juu ya paa, kila moja ikitikisa vioo.

Kwetu vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Dola mbili kubwa ziligombania nchi yetu bila kupigana zenyewe. Kila moja ilikuwa na wanajeshi iliowavalisha na kuwalisha, na mji wetu wa mpakani ulikaa katikati yao. Mimi nilivionja mwaka wa kwanza. Siku mbili nililala kifudifudi juu ya dari ya nyumba yetu, mama upande mmoja, mdogo wangu Baraka upande wa pili, wanajeshi wakipika chini yetu kwa sufuria zetu. Nilijifunza kukohoa bila sauti. Walikaanga vitunguu, na njaa ilitufanya tuwachukie kwa harufu ile kuliko kwa bunduki.

Nilipoondoka, Baraka alibaki na mama, kwa kuwa miguu ya mama isingeiweza safari. Tukapatana: kila asubuhi atawasha simu, atanibipu mara moja, kisha ataizima. Bipu moja maana yake tuko hai. Nisipokee. Nisimpigie kamwe. Mwaka mmoja na nusu sikumpigia.

Siku ile bipu ya asubuhi haikuja.

Saa nane mchana, saa sita kwetu, tulikuwa kantini ya wafanyakazi. Televisheni ilionyesha ukumbi wenye meza ndefu na wazee wawili wa suti wakibadilishana kalamu. Dola moja ilikubali kuondoa watu wake kabla ya jua kuzama. Nyingine ilipata reli, migodi na mpaka. Mtangazaji alisema mizani ya nguvu imegeuka. Mji wetu aliutaja mara moja, akakosea kuutamka.

"Umeona? Wamesaini!" Achieng alinipiga bega. "Khalas! Vita imeisha, msee. Leo biriani ni juu yako."

Simu ikatetemeka mfukoni. Baraka. Bipu moja.

Nilimpigia.

Iliita mara moja. Mara mbili. Achieng alikuwa akicheza na sinia kichwani.

Mara tatu.

Ya nne ikapokewa. Nilisikia mtu akihema, kisha sauti ya mwanamume nisiyemjua.

"Nani huyu?"

Ikakatika.

Jambo ambalo mtangazaji hakulisema ni kwamba wanajeshi wanaoambiwa waondoke kabla ya jua kuzama hupita kwanza majumbani, kuchukua wanachoweza kubeba. Baraka na mama walikuwa wamepanda tena darini tangu alfajiri.

Mama nilimpata siku kumi na moja baadaye, kwa simu ya jirani. Yeye hawakumgusa. Baraka alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba. Nilimuuliza swali moja tu.

"Simu haikulia, mwanangu," alisema. "Ilizimika tangu jana yake. Walipanda tu. Walijua watu hujificha juu."

"Mama, alinibipu mchana ule. Nikapiga, na mtu..."

"Haikulia. Unanisikia? Haikulia."

"Ndiyo, mama."

Mkataba ule bado umesimama. Treni zinapita, shule zimefunguliwa, na wako wengi ambao leo wasingekuwa hai kama wazee wale wasingeshika kalamu. Siwezi kuulaani. Na huenda mama anasema kweli katika jambo moja: wanajeshi walijua habari za dari, huenda wangepanda hata bila simu. Huenda. Neno hilo nimeishi nalo miaka saba, na halijawahi kunipumzisha.

Kila tunapozungumza, kabla hajaaga, mama hurudia bila kuulizwa: haikulia. Sauti yake imechoka sasa. Nami humwitikia ndiyo, mama, kwa sababu mimi nilisikia mtu akihema tu. Yeye alikuwa pale juu, akasikia yote, na ameamua nisiyasikie.