Nguo za Ordinatere ya Bana Mutale

Municheke tu, ku Nchelenge bote balishanicheka, na ile haya nilijitafutia miye mwenyewe kwa mudomo wangu.

Mi mutu wa Kilwa ya upande wa Lubumbashi, ng'ambo ya ziwa, muuza bitenge, nikaoa Mutale, binti ya hapa. Sasa Babemba iko na desturi: mukwe haingiake mu nyumba ya mama mukwe, hata kumusemesha hapana, mpaka siku ile bamufanyie karamu ya kumuingiza. Nikaheshimu. Bon, shemeji akaleta ordinatere, ile kompyuta, toka Lusaka, bakaiweka mu salon, ile sebule ya Bana Mutale (njo mama mukwe wangu), na muzee wake, Bashi Mutale, mwalimu wa zamani, akaniuliza: "Mukwe, weye ulifika Lubumbashi, hii kitu unaijua?"

Ningesema hapana, ingeisha pale pale. Nikasema: "Sana, baba!" (Ku Lubumbashi niliona ordinatere moja tu, nyuma ya kioo cha duka.) Nikasimama inje ku dirisha, macho chini, nikatoa amri ya kwanza: "Muifunike, vumbi njo inauaka mashini."

Bana Mutale akashona kitambaa cheupe, kama kile cha juu ya redio, akaivalisha yote, akaacha uso tu.

Kazi yao ilikuwa moja: mama anataja majina ya wakubwa wake, kuanzia bibi wa bibi yake, na muzee anayaandika mule ndani, sababu dada ya mama alishakufa na hakuna mwingine aliyeyajua. Lakini nusu saa haiishi, ekrani, ule uso wake, inageuka buluu yote, maandishi meupe, mashini inakufa. Mamawee! Ile buluu niliiona toka dirishani, pana kama ziwa lisilo na upepo. Majirani bakaja kuiona, hakuna aliyethubutu kukohoa.

"Mukwe, inasema kuna kosa kubwa," muzee akasoma.

"Ni vumbi, baba. Muizime, ipumuzike, muongeze nguo."

Ikapumuzika, ikawaka. "Ala! Mukwe huyu ni fundi!" Mi kifua mbele. Kesho yake ikakufa tena, nikaleta kitenge cha duka yangu mwenyewe, cha maua. Juma iliyofuata, blanketi.

Na ndani ya blanketi haikumaliza hata dakika kumi. Ile siku kiwanja kilijaa batu, hata katekista alikuja, bote macho kwangu, na jasho inanitoka, njo nikasema (sijui ni nani alinituma): "Baba, imebaki dawa moja. Tufute yote ya ndani, ianze upya."

Bana Mutale, hawezi kunisemesha, akamwambia binti yake kwa sauti ya kulia ili nisikie: "Mutale, umuulize mume wako, mama yangu naye atafutwa?"

Nikasema: "Mutale, umwambie mama sijui. Sikujua kitu tangu siku ya kwanza."

Batu bakaguna. Mule ndani mama akaweka mukono juu ya blanketi, kama mutu anayeaga, halafu akashituka: "Eh! Hii kitu inaungua! Nani anafunikaka mugonjwa wa homa na blanketi, mwezi wa kumi, na joto hili?" Akaivua nguo moja moja, blanketi, kitenge, kitambaa, na ku mugongo kulikuwa kafeni kadogo ka kuipoza, kalizibwa na zile nguo zangu zote.

Ikapoa, bakaiwasha. Majina yote yalikuwamo. Mama akaendelea kutaja mpaka jua kushuka, buluu haikurudi, na mi ku dirisha nimeshika mudomo, namushangaa ule mama ambaye hakusoma hata darasa moja, amebeba batu bote bale kichwani miaka yote na hakupoteza hata mumoja.

Ku soko balinibatiza Bwana Blanketi. Na Bana Mutale akaagiza karamu yangu ifanywe haraka, "kabla hajaua kitu ingine kupitia dirisha." Nikaingia, nikapiga magoti. Akanionyesha ekrani na kidole. Mwisho wa majina yote, pembeni ya Mutale, kulikuwa na jina langu. Nililia mbele ya batu bote.

Toka siku ile, hata redio ikikoroma tu, kwanza nasema "sijui", halafu naigusa.