Choki Nilizozipima kwa Mizani ya Nyama

Vita vilipoisha, polisi wa Mbale walinituma Jinja nikanunue choki za elektroniki, vile vidude vya kuwashia taa za tyubu, za bwalo lao. Zikiwaka, zabuni ya kambi nzima ingekuwa yangu.

Hajji mwenye duka akanipa nyepesi kama biskuti. "Bwana, za kisasa ziko hivi," akaapa.

Nikamcheka. Mimi wa kuuziwa kopo tupu? Nikaenda kwa mchuuzi wa barabarani, nikachagua nzito kuliko zote, nikazipima mara mbili kwenye mizani ya muuza nyama.

Bwaloni haikuwaka hata moja. Afande akafungua choki mbele ya askari wote. Mchanga ukamwagika mezani.

"Bwana," akauliza, "umetuletea taa ama unatujengea nyumba?"