Chumvi ya Mzee Lukumani

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Chemchem, Tabora. Mzee Lukumani Yahaya anavuta kamba ya kitanda, anaibana kwa goti, kisha anaiachia ghafla. Jasho jembamba linamtoka. Mkewe, Batuli, anatupa ungo wa mchele na kumkimbilia na kikombe cha uji wa chumvi.

"Kizunguzungu?"

"Kidogo tu, mama Mwanne."

"Hakuna kidogo! Kunywa."

Anakunywa. Kisha mkono wake unarudi kwenye kamba.

Fundi huyu wa kuwamba vitanda, mwenye miaka sitini na mmoja, ana maradhi mawili yasiyopatana. Tezi zilizo juu ya figo zake hazitoi homoni za kutosha. Humeza vidonge kila siku, na chumvi ikimpungua huanguka. Tangu mwaka jana, 1973, ana pia saratani ya tezi dume, nayo imeshafika mifupani. Dawa ya saratani humvimbisha miguu.

Miguu hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Majirani waliokuja kumjulia hali walimwambia Batuli, kwa uhakika wa ajabu, kwamba mwenye kuvimba hapewi chumvi. Akalificha kopo la chumvi.

"Nilimpikia mchuzi chapwa siku nne," anasema, machozi yakimlengalenga. "Nami nikijiona mke mwema."

Siku ya tano mumewe alitapika, akaanguka kazini. Vijana wakambeba hadi hospitali juu ya kitanda alichokuwa anakiwamba. Watu barazani walisimama wakidhani ni maiti.

"Niliwasikia wakiniombea rehema," anasema Mzee Lukumani. "Nataka kusema bado nipo, ulimi haunyanyuki."

Alilazwa siku tisa. Daktari aliwagombeza wote wawili, akapunguza dawa ya saratani, akaagiza miguu ikivimba aonyeshwe yeye, si majirani.

Zamani aliwamba vitanda vitano kwa wiki. Sasa viwili, na kiuno kinamuuma. Hata hivyo, mwezi ujao anapanga kupanda treni hadi Igalula, kwa dada yake, akamwoze Mwanne, binti yake na Batuli, anayelelewa huko.

"Saratani ikinichukua, Mungu kapanga," anasema. "Lakini mkono wa mwanangu niutoe mimi, nikiwa hai. Kufa kwa mchuzi chapwa sikubali."

Batuli hacheki. Ameamua kumpikia mumewe chungu chake peke yake, chenye chumvi ya kutosha, huko huko kwenye karamu ya watu.

"Wifi yangu atanuna," anasema. "Anune."