Aliyemuulizia Mama Deo

Haki ya Mungu, haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, hapa hapa Alief, Houston, na sikuwa nimekunywa kitu. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi zamani nilikuwa mtu wa kucheka.

Kaka yangu Deo alichukuliwa jeshini kule kwetu Rumonge, hata ndevu hazijaota vizuri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikammaliza. Mwenzake alikuja kutuambia ameanguka mlimani, hawakuweza kumbeba. Mama akasema, "Sijaona maiti, silii." Basi, hakulia. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania hakulia, Texas hakulia. Kila jioni alimwekea sahani ya maharage na ndizi, na mlango haufungwi. Huku Houston, jamani, mlango wazi! Tuligombana mpaka nikachoka.

Jumapili moja jua ndiyo linazama, nashusha mchele kwenye gari, nikasikia nyuma yangu: "Samahani, mama. Kwa Mama Deo ni wapi?"

Nikaganda. Hapa hakuna anayemwita mama hivyo, wote wanamwita Bibi. Nikageuka. Ni yeye! Kijana vile vile, sare ya jeshi, buti mguu mmoja, mwingine peku, umejaa udongo mwekundu. Udongo ule utoke wapi Houston?

"Deo, ni mimi Fina, mdogo wako," nikasema.

Akacheka kwa adabu. "Fina bado mtoto, mama. Hata meno ya mbele hana."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Iliniuma, inaniuma hadi leo. Mama alikuwa ameshasikia sauti, amesimama mlangoni na fimbo yake. Nikamwomba Mungu, angalau amtambue mama yake.

Deo akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi. Namtafuta mama yangu."

Mama hakumbishia. "Marahaba, mwanangu. Mama yako ametoka kidogo. Amekuachia chakula, ingia ule."

Alikula chote. Mama alikaa anamtazama tu, hakumgusa. Alipomaliza akamwambia, "Mama yako amesema usimtafute tena. Vita vimeisha. Nenda kapumzike."

"Hajakasirika nilivyochelewa?"

"Hata kidogo, baba."

Akashukuru, akatoka. Binti yangu, mzaliwa wa huku, akaniuliza kwa Kiingereza chake mbona yule kaka ana kiatu kimoja. Nikakimbilia nje. Paking tupu.

Ndipo mama akalia. Alilia mpaka kukakucha. Ndugu zetu waka-drive kutoka mji wa Mesquite, tukakaa matanga ya Deo, miaka yote hiyo baadaye. Siku hizi mama anafunga mlango mwenyewe. Mimi ndiye ninayeamka kwenda kuufungua, nichungulie.

Kwa hiyo sikia. Akija kijana mlangoni kwako, akakuita bibi na kukuulizia wewe mwenyewe, usianze kumweleza kwamba ni wewe, wala kwamba yeye amekufa. Mpe chakula kwanza. Halafu mwambie mama yake hajakasirika.